Panzi wa Shamba Lako Ametoka Nchi Gani?

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wangu, mama zangu, ndugu wakulima, wafugaji na wavuvi mliofika hapa kwenye viwanja vya maonyesho vya Nyamhongolo, Mwanza, kutoka Ukerewe, Sengerema, Magu, Misungwi na Kwimba, pamoja nanyi wanafunzi mlioketi chini kwa sababu viti vimekwisha, nawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kuliacha kwa muda banda la matrekta, ambalo najua lina mvuto kuliko banda la wadudu.

Jana jioni, tulipokuwa tukifunika meza yetu ya maonyesho, alinijia mzee mmoja wa upande wa Busisi, akapokea shikamoo yangu, kisha akaniuliza: "Bwana shamba, hawa panzi waliomaliza mihogo yangu mwaka huu wametoka nchi gani?" Nilitaka kumjibu palepale, lakini niliona kwamba jibu la haraka lingemdhulumu, kwa kuwa ndani ya swali lake kulikuwa na dhana ambayo wengi wetu tunayo, kwamba panzi akionekana kwa wingi ni lazima awe mgeni aliyevuka mpaka. Nikamwomba anipe usiku mmoja. Leo yupo, ameketi mstari wa pili, na ingawa hotuba hii ni ya wote, kwanza ni deni langu kwake.

Tuelewane kwanza kuhusu majina, maana watu wengi hugombana juu ya wadudu hawa kumbe kila mmoja anamzungumzia mdudu wake. Panzi ni jina la ukoo mzima. Nzige ni panzi wa aina chache tu ambao, wakisongamana, hubadilika tabia na kusafiri kwa makundi makubwa. Tunutu ni watoto wa nzige ambao bado hawajaota mbawa za kurukia. Senene, ambaye ndugu zetu wa Bukoba hawatanisamehe nikimsahau, kwa macho anafanana na panzi, lakini ni wa ukoo mwingine ulio karibu zaidi na nyenje, na utamtambua kwa vipapasio vyake vyembamba vilivyo virefu kuliko mwili wake, wakati vipapasio vya panzi na nzige ni vifupi kama vijiti vya kibiriti.

Nilipokuwa mtoto wa kuchunga ndama, tuliwahi kukamata panzi alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, na tuliwaokota mmoja mmoja kama mtu anayechuma mboga, kwa sababu walikuwa wamekakamaa kwa baridi na hawakuweza hata kukunja mguu. Ikifika saa nne asubuhi mchezo ulikuwa umekwisha. Panzi yuleyule tuliyempita kwa dharau sasa alituchosha kwa kukimbizana. Hatukujua wakati ule kwamba tulikuwa tunajifunza sheria ya kwanza ya safari zake. Mwili wa panzi hauna moto wake wenyewe. Hupata joto kutoka kwa jua na ardhi, na ndiyo maana asubuhi utamwona ameuelekeza ubavu wake kwenye mwanga, akiota jua kama mzee aliyetoka nje na kigoda. Bila joto haruki wala hatembei.

Nimemleta mmoja ndani ya chupa hii ya maji. Nawaomba wanafunzi wa mbele mtazame mguu wake wa nyuma, nami nitawasimulia walio mbali. Paja lake ni nene, limejaa msuli, na muundi wake ni mwembamba, una safu mbili za miiba midogo. Kabla ya kuruka, huukunja muundi ukalala kabisa kwenye paja, akaufunga hapo. Ndipo msuli mkubwa wa paja unapoanza kuvuta polepole dhidi ya mguu uliofungwa, na nguvu yote hiyo huhifadhiwa katika sehemu ngumu za goti, zinazopinda kama upinde. Kifungo kikiachiwa, mguu hunyooka kwa muda wa takribani sehemu 3 za mia za sekunde, na nzige mkubwa hujikuta karibu mita 1 mbele. Mtoto yeyote aliyewahi kuvuta manati ameshafahamu jambo hili: mkono huvuta taratibu, mpira ndio unaotupa kwa kasi. Msuli peke yake usingeweza.

Lakini mruko huo, pamoja na ustadi wake wote, si safari. Ni kukwepa mdomo wa ndege, na panzi anayeruka mara mia kwa siku anaweza jioni akawa bado yumo katika jaruba lilelile. Panzi wengi wa mashamba yetu huanguliwa, hula, hutaga na kufa bila kufika mbali. Kinachowahamisha ni mambo madogo ya majira. Mtama na mahindi yakishavunwa na mabua kukauka, wao hushuka kufuata kijani kilichobaki mbugani, au huhamia kwenye mihogo, ambayo wakati wa kiangazi ni kama hoteli pekee iliyo wazi mjini. Moto wa mwezi huu wa Agosti nao huwahamisha kwa nguvu. Mliowahi kusimama kando ya mbuga inayoungua mmewaona mwewe wakizunguka juu ya moshi na kushuka ghafla kwenye ukingo wa moto. Hawakuja kuota joto, wamekuja kuwadaka panzi wanaoruka kuyakimbia mateketeo. Tunasema vita vya panzi ni furaha ya kunguru, ila kwa ninavyoona, moto wa panzi ni karamu ya mwewe.

Sasa tuwageukie wale wachache wanaosafiri kwelikweli. Mwaka 1921 mtaalamu wa wadudu Boris Uvarov, mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi London, alieleza jambo ambalo lilibadilisha elimu yote ya nzige. Kabla yake wataalamu walidhani kwamba nzige mpole anayeishi peke yake na nzige anayekwenda kwa makundi ni wadudu wawili tofauti, kwa kuwa hata rangi na umbo havilingani. Uvarov alionyesha kwamba ni mdudu mmoja mwenye sura mbili. Akiwa peke yake huwakwepa wenzake na kuishi kimya. Akisongwa na wenzake, tabia inageuka, na vizazi vinavyofuata hubadilika rangi na umbo pia.

Kinachonishangaza mimi kila ninapolisimulia jambo hili ni udogo wa chanzo chake. Katika maabara, watafiti walichukua nzige wapweke wakawa wanawapapasa paja la nyuma kwa brashi laini, kila baada ya muda mfupi, kwa saa chache, na nzige hao wakaanza kuwafuata wenzao badala ya kuwakimbia. Mwaka 2009 ikaonyeshwa kwamba kemikali ya mwilini iitwayo serotonini, ambayo hata sisi binadamu tunayo kichwani, ndiyo inayofungua mlango wa mabadiliko hayo. Hebu fikirini maana yake huko porini: mvua imenyesha, nzige wamezaana, kisha jua limekausha nyasi zikabaki vipande vipande, na wadudu wote wamelazimika kukutana kwenye vipande hivyo vichache, paja likigusa paja. Si njaa peke yake iliyowaunda kuwa jeshi. Ni kugusana.

Jeshi hilo huanza kwa miguu. Tunutu wa nzige wa jangwani hujipanga katika makundi na kutembea mchana, kundi zima likielekea upande mmoja, kwa mwendo wa mamia ya mita hadi zaidi ya kilomita 1 kwa siku, na jioni hupanda vichakani kulala. Ukiwatazama kwa mbali utafikiri wana kiongozi. Hawana. Kila mmoja anamfuata aliye mbele yake, na ana sababu nyingine ya kutosimama, ambayo si nzuri kusimuliwa wakati wa chakula: aliye nyuma yake ana njaa ya protini na chumvi, na yuko tayari kumng'ata. Kwa hiyo kila mmoja anamkimbia wa nyuma na kumkimbilia wa mbele, na matokeo yake ni gwaride.

Wakishaota mbawa, mambo hugeuka tena, na hapa ndipo naomba usikivu wenu zaidi, hasa ninyi wavuvi ambao mnaujua upepo kuliko mimi. Nzige wa jangwani aliye katika kundi hulala usiku juu ya miti, hungoja jua limpashe saa mbili au tatu baada ya macheo, huruka mchana, na hutua kabla jua halijazama. Kwa siku moja kundi linaweza kwenda hata kilomita 150. Mwenzake mpweke hufanya kinyume: huondoka baada ya giza kuingia, peke yake, bila mtu kumwona. Watu wa kale waliamini kwamba kundi linajua linakokwenda. Lakini mtafiti R. C. Rainey, aliyewafuatilia nzige Afrika Mashariki, alieleza mwaka 1951 kwamba kwa ujumla kundi huenda kule upepo unakovuma. Ndani ya kundi, vikosi vidogo huelekea huku na huku, na wanaofika pembezoni hugeuka kurudi kati, hivyo jitihada zao hufutana, na kinachobaki kulisogeza wingu zima ni upepo.

Mtu anaweza kuuliza: mdudu anayejiachia kwa upepo hawezi kupelekwa jangwani akafa? Hufa, tena wengi. Lakini tazameni jinsi hesabu ilivyopangika. Pepo mbili zinapokutana, kama kaskazi na kusi zinavyokutana katika ukanda unaopita juu ya nchi yetu ukituletea vuli na masika, hewa haina pa kwenda isipokuwa juu, na hewa inayopanda hupoa na kuangusha mvua. Nzige aliyebebwa na upepo huishia palepale pepo zinapokutana, yaani mahali ambapo ardhi imelowa, pa kutagia mayai, na nyasi ziko njiani kuota. Hakuhitaji ramani. Upepo uliomchukua ndio uliochukua na mvua.

Ushahidi wa karibu tunao. Mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu mwezi Mei na Luban mwezi Oktoba, vilinyesha mvua katika jangwa kubwa la kusini mwa Bara Arabu, mahali ambapo hakuna mkulima wala mchungaji wa kupiga kelele, na nzige wakazaana humo vizazi kadhaa bila kuonekana. Mwaka 2019 walikuwa Yemeni, wakavuka kuingia Ethiopia na Somalia, na mwishoni mwa mwaka huo wakaingia Kenya, ambako uvamizi ulikuwa mkubwa kuliko wowote katika miaka 70 hivi. Februari 2020 walifika Karamoja nchini Uganda, na mapema mwaka 2021 makundi yalionekana kaskazini mwa Tanzania, upande wa Longido na Simanjiro. Kundi lenye eneo la kilomita 1 ya mraba linaweza kuwa na nzige milioni 40 au hata mara mbili ya hao, na kila mmoja hula kwa siku chakula chenye uzito wa mwili wake, yaani takribani gramu 2. Pigeni hesabu wenyewe: milioni 40 mara gramu 2 ni tani 80, malori 10 ya tani 8, kila siku, kutoka eneo ambalo mtu hulikatiza kwa miguu kwa robo saa. Tangu mvua ya kwanza ya jangwani hadi shamba la kwanza la Kenya ilipita zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

Najua mnasubiri nifike nyumbani. Nzige aliye wetu hasa si yule wa jangwani, ni nzige mwekundu, aliyepewa jina hilo kwa rangi ya mbawa zake za nyuma. Huyu ana mazalia yake ndani ya nchi yetu: nyanda za Ziwa Rukwa, Iku-Katavi, bonde la Malagarasi, na nyanda za Wembere upande wa Igunga na Iramba, ambazo kwa kweli haziko mbali sana na hapa tulipo. Hupenda nyanda zinazofurika wakati wa mvua na kukauka kiangazi. Huzaa mara moja tu kwa mwaka, hutaga mvua zinapoanza, na watu wazima wake huvumilia kiangazi chote bila kutaga, wakingoja. Mwaka 1930 hivi nzige hawa walitoka katika mazalia ya Rukwa na ya Mweru wa Ntipa, kaskazini mwa Zambia ya leo, na hadi kufikia mwaka 1944 walikuwa wamesumbua sehemu kubwa ya Afrika ya kati na kusini. Mwaka 1949 ikaundwa huduma ya kimataifa ya kuwadhibiti, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia, na kazi yake kubwa ikawa kwenda kuwatazama kwenye mazalia kabla hawajaruka.

Kazi hiyo haipigiwi vigelegele, kwa sababu ikifanikiwa hakuna kinachoonekana. Mwaka 2009, wingi wa nzige wekundu ulipoongezeka Iku-Katavi, Rukwa na Malagarasi, helikopta zilinyunyizia eneo la hekta zaidi ya 10,000 kwa dawa iliyotengenezwa kwa kuvu anayeitwa Metarizi, ambaye humwingia nzige mwilini na kumdhoofisha siku chache baadaye, akawa windo rahisi la ndege na mijusi. Ni wangapi hapa Mwanza waliolala mwaka ule wakiwaza nzige? Hakuna. Walikuwa wamezuiwa wakiwa bado huko kwao.

Kuhusu senene nitasema machache, maana kila ninapowataja, hotuba hugeuka mjadala wa mapishi. Yeye husafiri usiku, na msimu wake mkubwa huko Bukoba ni karibu na Novemba, wakati wa mvua. Hufuata mwanga, na ndiyo maana watu huwasha taa kali, wakasimamisha mabati yanayong'aa na kuweka mapipa chini yake, senene akigonga bati akateleza hadi ndani. Wavuvi wa dagaa mnaielewa habari hii bila kufundishwa, kwa kuwa karabai na taa zenu za sola huita wadudu wa kila namna usiku wa giza. Hapa ziwani upepo huvuma kutoka majini kwenda nchi kavu mchana, na usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda majini, hivyo mdudu mwepesi anayepaa usiku karibu na ufuko anaweza kujikuta juu ya maji bila kupanga. Lakini senene wengi mnaowaona sokoni hapa Mwanza hawakuletwa na upepo wowote. Wamevuka ziwa kwa meli, wamekaangwa, wamo ndani ya ndoo zenye vifuniko, na nauli yao imelipwa.

Nitoe na tahadhari moja. Yale mawingu meusi mnayoyaona yakisimama juu ya ziwa kama moshi si nzige. Ni wadudu wadogo wa ziwani wanaotoka majini kwa pamoja, na kila mwaka kuna mtu anayetupigia simu kwa hofu. Tunazipokea simu hizo kwa furaha, endeleeni kupiga, ila tusaidieni kwa maelezo: mdudu ana ukubwa gani, ana mbawa au hana, anaruka au ametua, ni saa ngapi, upepo unatoka upande upi. Kwa mambo hayo matano, mtu aliye ofisini anaweza kukadiria walikotoka na watakakokuwa kesho. Ukisema tu "wamejaa", hatuna pa kuanzia.

Sasa nilipe deni langu. Mzee wangu, nilikuuliza jana panzi wako wakoje, ukaniambia wana rangi ya kijani iliyokolea yenye mistari ya njano na nyeusi, wananuka ukiwashika, na hawana haraka. Nilikuuliza mbawa zao, ukacheka, ukasema ni fupi kama kizibao cha mtoto. Panzi huyo hakutoka nchi yoyote. Wengi wao hawawezi kupaa kwa mbawa kabisa. Alipoanguliwa mvua zilipoanza alikuwa mweusi mwenye madoa, akajazana na ndugu zake juu ya magugu ya pembezoni, nawe ukawaona lakini hukuwajali kwa kuwa walikuwa kwenye magugu. Kisha wakaingia kwenye mihogo kwa miguu, hatua kwa hatua, kutoka pembeni kwenda katikati, na nina hakika kwamba mistari ya kwanza kuliwa ilikuwa ile iliyopakana na kichaka. Umeitikia kwa kichwa, basi ndivyo.

Majike wa panzi hao hukusanyika mahali pamoja kutaga mvua zinapokwisha, mara nyingi penye kivuli na udongo usio mgumu, na mayai hukaa ardhini kiangazi chote, katika vifuko vya povu lililoganda, sentimita chache tu chini. Ninavyozungumza, yamo humo. Uliniambia kwamba mwishoni mwa masika uliwaona wamejazana chini ya mwembe ulio kati ya shamba lako na kichaka, ukafikiri wamekufa au wamechoka. Nenda hapo na jembe kabla ya mvua za vuli, fukua kwa juujuu eneo lote la kivuli, vifuko viachwe wazi kwa jua na siafu, na kama una kuku, wafungulie siku hiyohiyo. Mshirikishe na jirani yako, kwa sababu kivuli cha mwembe huo, kwa jinsi ulivyonieleza, jioni kinaangukia upande wake.

Nakaribisha maswali. Chupa ya panzi itabaki mezani. Mnaruhusiwa kuitazama, tafadhali msiifungue, jua limeshakuwa kali na hatutamkamata.